Dohani Ilisafishwa Lini?



Wapendwa wasomaji, juma hili sitaanza na somo la Dominika. Nitaanza na swali aliloniuliza fundi mmoja mzee, akiwa amesimama mbele ya meko ya sebuleni kwetu, kidole chake cha shahada kikiwa cheusi kwa masizi: “Baba Paroko, dohani hii ilisafishwa lini?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeishi katika nyumba ile kwa miaka minne, nikiota moto wake karibu kila jioni ya kipupwe, wala sikujua. Naandika tafakari hii kwa sababu ya swali hilo, na kwa sababu ya kijana mmoja ambaye nusura alipe kwa uhai wake gharama ya kutojua kwangu.

Ninyi mnaoishi Dar es Salaam au Tanga mtashangaa kumsikia padre wa Tanzania akizungumzia dohani, yaani lile bomba la moshi lililojengwa kwa matofali kutoka mekoni hadi juu ya paa. Lakini ninyi wa Njombe, Makete, Mufindi na Lushoto mnanielewa. Parokia niliyoitumikia wakati huo iko katika nyanda za juu za Njombe, takribani meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai ukungu hushuka hadi kwenye ngazi za kanisa, na asubuhi nyingine maji ya ndoo iliyolala nje huuma vidole kama sindano. Wamisionari waliojenga nyumba ile ya mapadre walitoka katika nchi za baridi, wakajua la kufanya: walijenga kuta nene, madirisha madogo, na sebuleni wakaweka meko ya ukutani yenye dohani ndefu. Waliokuja baada yao walirithi nyumba, wakarithi na moto. Kazi ya kuutunza moto huo, naona, haikurithiwa na mtu.

Sasa nisimulie yaliyotokea mwaka 2019.

Mama aliyekuwa akitupikia alikuwa mwenyeji wa kijiji cha jirani, mtu wa maneno machache. Jioni alipenda kupiga pasi karibu na meko, kwa sababu palikuwa na joto na mwanga. Mwezi Mei, mvua zilipokuwa zinakatika nasi tumeanza kuwasha moto tena, alinijia akasema, “Baba, moto wa sebuleni siku hizi unarudisha moshi.” Nikamjibu kwamba kuni ni mbichi, zingoje zikauke. Jibu langu halikuwa uongo, kwa maana kuni zilikuwa mbichi kweli. Lakini lilikuwa jibu la mtu anayetaka mazungumzo yaishe.

Baada ya majuma mawili akasema tena: “Baba, nikipiga pasi pale sebuleni kichwa kinaniuma. Nikitoka nje kinaacha.” Nikampa vidonge vya maumivu, nikamshauri anywe maji ya kutosha.

Mara ya tatu hakusema sana. Alinionyesha kitambaa cheupe cha meza ndogo iliyokuwa karibu na meko. Juu yake palikuwa na vipande vyeusi, vyepesi, vyenye kung'aa upande mmoja kama ganda la mende. Vilikuwa vimeanguka kutoka ndani ya dohani na kurushwa sebuleni na upepo uliorudi chini. Nikamwambia, “Mama, tutaita fundi baada ya Sherehe ya Ekaristi. Sasa hivi tuna maandamano.” Akakikunja kitambaa chake akaenda kukifua.

Maandamano yalipita, yalikuwa mazuri, na fundi sikumwita.

Wakati huo tulikuwa na Frateri mmoja aliyekuwa nasi kwa mwaka wake wa kichungaji. Alitoka katika jimbo la pwani, na baridi ya Njombe ilimtesa kuliko falsafa yote aliyoisoma. Chumba chake kilipakana na sebule, naye alikuwa na mazoea ya kuuacha mlango wazi ili joto la moto limfikie. Usiku mmoja wa mwisho wa Juni, baridi ikiwa kali kuliko kawaida, tulikaa tukizungumza hadi saa nne. Kabla ya kwenda kulala niliongeza magogo mawili ya muwati, kisha nikalisukuma lile bati linalofungua na kufunga koo la dohani, likabaki wazi kidogo tu, ili moto uwake polepole na joto lisipotee. Nikamwambia, “Frateri, leo utalala kama uko kwenu.” Yeye akafunga madirisha yote ya sebule. Mimi nikaenda chumbani kwangu, mwisho wa ukumbi, nikafunga mlango.

Asubuhi kengele ya Misa haikulia. Frateri ndiye aliyekuwa akiipiga saa kumi na mbili kamili. Nilidhani amepitiwa na usingizi, nami nikawa sina haraka. Mama mpishi ndiye aliyekuwa na haraka. Alikuwa amefika alfajiri kuwasha jiko, akaona vioo vya sebule vimefunikwa na utando, akasikia harufu ya moshi uliolala. Aliingia, akafungua mlango mkubwa na madirisha yote kabla hata hajaniita, kisha akaenda chumbani kwa Frateri. Alimkuta amelala nusu kitandani, nusu sakafuni, ametapika, hajibu vizuri. Nilipotoka chumbani kwangu nilimwona akimburura kijana yule kwa makwapa kwenda barazani, kanga yake imefungwa puani. Mama yule alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu.

Nilitaka kusimama nieleze jambo. Akaniambia, “Baba, shika miguu.” Nikashika miguu.

Hospitalini, muuguzi alimbana Frateri kidoleni kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni, nacho kikaonyesha namba nzuri. Nikapumua. Daktari akaniuliza, “Alilala na moto?” Nikasema ndiyo. Akaniambia tusidanganywe na kifaa kile, kwa sababu hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu. Alinieleza kwamba moto unaokosa hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi unaouona na kuukohoa unaweza kukuamsha. Gesi hii inakulaza. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu hukosa pumzi ilhali anapumua. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na mtu akitoka nje hupata nafuu.

Akitoka nje hupata nafuu! Daktari hakujua alikuwa anarudia maneno ya mama mpishi karibu neno kwa neno. Nilikaa kwenye benchi la ukumbi ule, Frateri akiwa amewekewa barakoa ya oksijeni, nikakumbuka vidonge nilivyotoa.

Alipona, ashukuriwe Mungu. Leo ni padre. Lakini sitaki kuwaficha kwamba kwa saa kadhaa za siku ile sikujua kama nitampigia simu mama yake mzazi kumwambia habari njema au nyingine.

Siku ya pili nilimwita fundi. Ndiye yule mzee aliyeniuliza swali nililoanza nalo. Alipopita kidole juu ya jiwe la mdomo wa meko, akaonyesha jinsi ukuta ulivyokuwa umechorwa alama nyeusi kuelekea juu. “Huu ni moshi uliokuwa unatafuta njia,” alisema. “Ungekuwa na njia yake usingepita hapa.” Kisha akaomba tochi na kioo changu cha kunyolea ndevu. Akakiingiza kioo ndani ya koo la dohani, akakielekeza juu, akaniita nitazame. Nilitarajia kuona duara la mbingu. Niliona giza, na katikati yake tundu dogo lenye mwanga hafifu, mfano wa ngumi ya mtoto.

Akachukua msumari akakwangua ukuta wa ndani. Hapo nilijifunza kwamba masizi si ya aina moja. Yapo yale makavu, laini kama unga, ambayo brashi huyaondoa kwa urahisi. Yapo ya pili, magamba meusi yanayong'aa, kama yale yaliyoanguka juu ya kitambaa. Na yapo ya tatu, yaliyoganda mithili ya lami, magumu kama kioo, ambayo brashi huyapita juu juu tu. Aina hizi mbili za mwisho wataalamu huziita kreosoti. Hutokea pale moshi wenye unyevu na mafuta ya kuni unapopoa kabla haujatoka nje, ukaganda kwenye kuta. Kuni mbichi huleta moshi wa namna hiyo, kwa sababu gogo lililokatwa karibuni linaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Moto unaonyimwa hewa ili uwake polepole usiku kucha nao huleta hivyo hivyo. Watu wengi huku huulaumu msindano kwa sababu ya utomvu wake. Fundi alisema hata muwati na mkaratusi huziba dohani ukiziwasha mbichi na kuzibana pumzi. Kwa hiyo lile bati nililolisukuma kwa kutaka wema lilifanya mambo mawili: kwa miaka minne lilisaidia kuziba njia, na usiku ule likafunga kile kilichobaki.

Na kreosoti hiyo yenyewe inawaka. Cheche moja kubwa ikiifikia, dohani yote hugeuka tanuru, na joto lake huweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, likapasua matofali na kushika mbao za paa. Wanaosimulia husema hulia kama lori linalopita darini. Tungeweza kupoteza nyumba nzima nasi tukiwa ndani.

Niliuliza swali ambalo huenda nanyi mnalo: mtu atajuaje kwamba wakati wa kusafisha umefika? Nilitegemea anitajie miezi. Yeye alinitajia dalili, nami naziandika hapa kwa faida ya masista, walimu wa shule za bweni na familia zenye meko au majiko ya kuni yenye bomba.

Moshi unapoanza kurudi ndani, ambapo zamani haukurudi, hiyo ni dalili. Moto unaposhindwa kuchangamka, miali ikawa mizito na ya rangi ya machungwa iliyofifia ingawa kuni ni kavu, ni dalili. Harufu kali ya moshi wa zamani inayotoka mekoni hata siku ambazo moto haukuwashwa, hasa mvua ikinyesha, ni dalili. Magamba meusi yakianguka kwenye majivu au sakafuni, ni dalili. Ukuta juu ya meko ukipata weusi mpya, ni dalili. Ndege wakiingia na kutoka juu ya dohani, au nyuki wakizunguka pale, usiwashe moto kabla hujatazama. Na watu wakiumwa kichwa ndani, wakapona nje, usingoje dalili nyingine: zima moto, fungua madirisha, toka.

Kisha kuna kipimo. Mafundi wa Marekani hufuata kanuni kwamba dohani ikaguliwe angalau mara moja kila mwaka, hata kama haitumiki sana; jambo hilo limeandikwa katika kanuni zao za usalama wa moto zijulikanazo kama NFPA 211. Tena husema masizi yakifikia unene wa milimita 3, safisha. Yakifikia milimita 6, usiwashe moto hata siku moja zaidi. Milimita 3 ni kama sarafu mbili zilizolaliana. Dohani yetu ilikuwa na unene wa kidole.

Kabla ya kuanza kazi fundi aliuliza kama tuna kitu chenye moshi mwepesi. Mtumishi wa altare mmoja, mvulana mwenye akili, akakimbia sakristia akaleta chetezo chenye kaa moja na chembe za ubani. Tulikiweka mbele ya mdomo wa meko, bati likiwa wazi kabisa. Moshi wa ubani uliinama kuelekea ndani, ukasita, kisha ukarudi ukatujaa usoni. Hakuna aliyehitaji maelezo.

Mvulana huyo huyo, mwembamba kama ufito, alipochungulia ndani akasema, “Baba, mimi naenea. Nipandeni nikakwangue.” Alisema kwa furaha, na watu wakacheka. Fundi hakucheka. Nami nilikumbuka nilichosoma kuhusu Uingereza ya zamani, ambako kwa miaka mingi watoto wadogo, mara nyingi mayatima na watoto wa maskini, walipandishwa ndani ya dohani za matajiri ili kuzikwangua. Mwaka 1775 daktari mpasuaji Percivall Pott aliandika kwamba wasafisha dohani walipatwa na saratani kwa sababu ya masizi. Mwaka 1788 ikatungwa sheria ya kuwalinda walio chini ya miaka minane, ikapuuzwa. Mwaka 1840 ikatungwa nyingine iliyokataza mtu yeyote chini ya miaka 21 kupanda ndani ya dohani, nayo ikapuuzwa. Mwezi Februari 1875 mvulana mmoja alikwama ndani ya dohani ya hospitali karibu na Cambridge, akafariki. Ndipo mwaka huo huo ikapitishwa sheria yenye meno. Ilichukua karibu miaka mia moja baada ya onyo la daktari, na wakati wote huo kila mwenye nyumba aliota moto wake bila kujiuliza nani yuko ndani ya ukuta. Nilimwambia mvulana wetu arudi akashike ngazi.

Kazi ilifanyika hivi. Moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi ya jana yake, kwa kuwa matofali hukaa na joto muda mrefu. Mdomo wa meko tuliufunika kwa turubai na blanketi lililoloweshwa. Fundi alijifunga kitambaa puani, akapanda juu ya paa, akashusha kamba yenye jiwe zito chini na brashi ya waya iliyoenea upana wa dohani, akaivuta juu na chini mara nyingi. Yale yaliyoganda kama lami ilibidi kuyakwangua kwa chuma siku ya pili. Tulitoa madebe mawili na nusu ya masizi na kiota kikavu cha ndege chenye vijiti vingi. Mwisho akafunga wavu wa waya juu, ili ndege na majani yasiingie tena.

Nilimwuliza kama ni kweli, kama nilivyowahi kusikia, kwamba kuchoma maganda ya viazi au kutupa chumvi motoni husafisha dohani. Kwa Njombe yenye viazi vingi, ingekuwa neema. Akasema maganda hayawezi kazi ya brashi, na chumvi hula vyuma. Akaonya pia kuhusu wale wanaomwaga mafuta ya taa ili “kuyachoma masizi yaishe”: hao wanaita moto wa dohani kwa mikono yao. Na moto huo ukitokea, toeni watu wote nje kwanza, mpigieni simu Jeshi la Zimamoto kwa namba 114, wala msimwage maji ndani ya dohani, kwa kuwa matofali yenye joto kali hupasuka yakimwagiwa maji.

Tulileta chetezo tena. Safari hii moshi wa ubani haukusita. Uliingia mekoni ukapanda moja kwa moja, kana kwamba kuna aliyeuita. Mama mpishi alikuwa amesimama mlangoni akiangalia. Hakusema, “Nilikwambia.” Alisema tu, “Sasa unapita.”

Wapendwa, najua wengi wenu hamna dohani. Mna jiko la mkaa, au mafiga matatu katika jiko la nje. Msidhani basi kwamba habari hii haiwahusu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walifariki kutokana na hewa chafu ya majumbani, ile itokanayo na kuni, mkaa, mafuta ya taa na vinavyofanana na hivyo. Wengi katika wanaoivuta ni kina mama na watoto wadogo, kwa kuwa hao ndio wanaokaa karibu na jiko. Na kila kipupwe tunasikia habari ya familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani, ikafunga mlango kwa sababu ya baridi, isiamke. Nawasihi kama baba: msilale na jiko la mkaa ndani, hata likionekana limefifia, hata kwa usiku mmoja tu. Mkaa unaofifia bado unatoa gesi ile ile iliyomlaza Frateri. Wenye uwezo wa kununua kile kifaa kidogo kinacholia kikihisi gesi hiyo, wakinunue. Lakini kisiwe kisingizio cha kutosafisha.

Nimalizie na jambo moja, ambalo ndilo hasa limenifanya niandike.

Nimewahi kuhubiri mara nyingi kwa methali yetu isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali nzuri, na watoto wa Komunyo ya Kwanza huipenda. Lakini mwaka ule nilijifunza upande wake wa pili: mkuu asiyesikia la mdogo huvunja guu la mwingine. Katika nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa na elimu, na funguo, na fedha ya kumlipa fundi. Mama mpishi alikuwa na kitu kimoja tu ambacho mimi sikuwa nacho: alikaa karibu na moto. Mimi nilipita sebuleni jioni nikiwa nimechoka, nikafungua dirisha kidogo, nikaona kawaida. Moshi uliongezeka kidogo kidogo, nami nikazoea kidogo kidogo. Yeye hakuzoea. Aliona, akasema, akasema tena, akaleta na kielelezo. Kumbe dalili ya kwanza kwamba dohani yetu ilikuwa inaziba ilikuwa sentensi ya mwanamke mzee, nami niliisikia nikidhani ni manung'uniko.

Jioni ya siku ile ya chetezo nilimwomba radhi, si kwa jumla jumla, bali kwa kutaja: siku ya moshi, siku ya vidonge, siku ya kitambaa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Baba, yameisha. Ila kuni za mwakani tupasue mapema.” Tulizipasua mapema, tukazipanga chini ya kibanda chenye upepo, zikakauka zaidi ya nusu mwaka. Tena katika daftari la mali ya parokia, kwenye ukurasa wa nyumba ya mapadre, niliandika mstari mpya: “Dohani imesafishwa,” na tarehe yake, na chini yake nikaacha nafasi kwa miaka ijayo. Nilipohamishwa, mstari huo ndio wa kwanza niliomwonyesha paroko aliyenipokea. Wa pili nilimwambia kwa mdomo: mama mpishi akikuambia jambo kuhusu moto, acha kalamu, nenda ukaangalie.

Juma hili, basi, kila mmoja aangalie nyumbani kwake. Mwenye dohani achukue tochi na kioo, atazame juu mchana. Akikosa kuiona mbingu, amwite fundi kabla ya baridi. Mwenye jiko la mkaa alitoe nje kabla ya kulala. Na sote tujiulize: katika nyumba yangu, ofisini kwangu, jumuiyani kwangu, ni nani anayekaa karibu na moshi kuliko mimi, na mara ya mwisho aliponiambia kitu nilimjibu nini?

Nawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki, awalinde usiku na mchana.